Bunduki Haikutembea Yenyewe

Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, kuna kijiwe cha kahawa ninachopitia jioni nikitoka kazini. Ukiacha Simba na Yanga, mada kuu pale siku hizi ni silaha. Vijana wameona kwenye simu zao video za ndege zisizo na rubani zikiangukia vifaru, na kasi ya kila kombora wanaijua kama wanavyojua mabao ya mshambuliaji wao. Juzi kijana mmoja alikuwa akimweleza mzee kwamba vita vya sasa vinaamuliwa na mtu aliyekaa kwenye kiti mbele ya skrini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akamuuliza: "Mjukuu wangu, na huyo aliyekaa kwenye kiti, mafuta ya jenereta yake anabebewa na nani?"

Wenzake walicheka. Mimi swali lile niliondoka nalo mpaka nyumbani, kwa sababu tulikuwa tumekaa Kariakoo, na jina la Kariakoo lenyewe ndilo jibu lake.

Waingereza waliuteka mji huu wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, wakawekewa kambi kwenye uwanja ambao leo ni soko. Watu wa mjini wakalichukua jina lile, wakalilainisha, likawa Kariakoo. Kila siku tunalitaja tukienda kununua vitenge au betri za simu, na kila tukilitaja tunawataja watu walioibeba vita nzima mabegani.

Historia ya silaha tumezoea kuisimulia kutokea mdomo wa mtutu: nani alivumbua, mwaka gani, inapiga umbali gani. Ukiifuata kutokea upande wa kitako unakutana na mambo mengine: karakana iliyochonga, kemia ya baruti, mgongo uliobeba, ghala lililotunza. Vita vilivyopiganwa katika nchi hii viliamuliwa huko kitakoni, na ndiko ambako watoto wetu hawafundishwi.

Shuleni niliambiwa tulishindwa kwa sababu wao walikuwa na bunduki na sisi tulikuwa na mikuki. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine imeandikwa kwenye vibao vya daladala zinazopita barabara ya Bagamoyo, penye kambi na hospitali ya jeshi ya Lugalo. Lugalo yenyewe iko Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliivamia pale safu ya Mjerumani Emil von Zelewski. Kamanda aliuawa, wakauawa maofisa wake kadhaa na mamia ya askari. Safu ile ilikuwa na bunduki za kisasa, tena ilikuwa na mizinga. Lakini ilikuwa imejinyoosha mstari mrefu porini na silaha zake nzito zilikuwa mzigo wa safari. Mzinga uliofungwa kamba ni chuma tu, na mkuki ulioshikwa mkononi hatua tano kutoka kwa adui ni silaha kamili.

Wahehe waliondoka Lugalo na bunduki zipatazo 300. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi, wakaipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Zile bunduki 300 hazikumwokoa Mkwawa. Kuteka bunduki ni kazi ya asubuhi moja. Kupata risasi zake mwaka hadi mwaka, kuzoeza watu wazitumie kwa pamoja, kuwa na fundi wa kubadilisha springi iliyokatika: hapo unahitaji karakana na bandari iliyo wazi.

Na bandari zilikuwa zimefungwa kwa makusudi. Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo unasifiwa kwa kupiga vita biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa na vifungu hivyo. Lakini ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: katika ukanda mzima wa Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zikapigwa marufuku kuuzwa huria kwa wenyeji. Kilichoachwa kiuzwe kwa leseni ni bunduki ya gumegume, isiyo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Kwa lugha yetu, gobore. Leo tukisikia kwenye taarifa ya polisi kwamba mtu amekamatwa na gobore porini, tunaona ni ujima wa wanakijiji. Mimi naona ule mkataba. Tuliachiwa silaha ya karne iliyopita kwa maandishi, na waliotuachia walikuwa wanajua wanachofanya.

Mahali ambapo mlango haukufungwa, matokeo yalikuwa mengine. Menelik wa Ethiopia alinunua bunduki na mizinga kwa Wafaransa, kwa Warusi, hata kwa Wataliano wenyewe, na tarehe 1 Machi 1896 akawashinda Wataliano pale Adwa. Huko Afrika Magharibi, wahunzi wa Samori Toure walifikia hatua ya kunakili kwa mkono bunduki za kisasa za Wafaransa. Fikiria kazi hiyo: tupa, nyundo, mkaa, na bunduki moja ya kuigia. Walifanikiwa kutengeneza bunduki. Kilichowashinda ni wingi, kwa sababu kila moja ilikuwa kazi ya siku kadhaa za mtu stadi. Samori alikamatwa mwaka 1898, mwaka uleule aliokufa Mkwawa.

Suala hili la wingi nalielewa kila ninapokwenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi na wauza spea. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta bushi ya pampu ya maji ya nyumbani. Fundi aliichukua ile iliyokufa, akaifuta grisi kwa kidole gumba, akaipima, akainamia boksi la bati lililojaa vyuma vidogo, akaibuka na nyingine. Akaiingiza kwenye mhimili, akaizungusha mara mbili, ikaenda laini bila kulia. "Imekaa hiyo, kaka," akasema. Bushi imetengenezwa nchi moja, pampu nchi nyingine, na watengenezaji hawajawahi kuonana.

Wazo kwamba kifaa kimoja kinaweza kukaa mahali pa kingine bila kupigwa tupa lilikomazwa kwenye karakana za bunduki. Mwaka 1785 fundi Mfaransa, Honoré Blanc, alimwonyesha Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, mitambo ya kufyatulia bunduki iliyovunjwavunjwa vipande vikachanganywa. Jefferson aliokota vipande kwa mkono wake mwenyewe, akaviunga, vikakaa. Kabla ya hapo kila bunduki ilikuwa mtoto wa fundi wake, ikivunjika lazima irudi kwa fundi. Wamarekani walilichukua wazo hilo, na katika miaka ya 1820 John Hall alikuwa akizalisha bunduki zenye spea za kweli huko Harpers Ferry. Kutoka hapo likaenda kwenye cherehani, baiskeli, gari, mpaka boksi la bati la Gerezani.

Mfano mwingine wa namna hiyo ni mashine ya John Wilkinson, Mwingereza. Mwaka 1774 alibuni njia ya kutoboa mizinga ya chuma kwa unyoofu ambao haukuwahi kupatikana. Muda mfupi baadaye James Watt alikuwa anahangaika na injini yake ya mvuke, silinda zinavuja, pistoni haikai. Mashine ya kutobolea mizinga ndiyo iliyompa silinda nzuri.

Hata ile bunduki maarufu kuliko zote, ambayo taarifa zetu za habari huiita SMG, ina habari hii ndani yake. Kila mtu anajua Mikhail Kalashnikov na mwaka 1947. Wachache wanajua kwamba mchoro ulipokuwa tayari, viwanda vya Kisovieti vilishindwa kukanda bamba la chuma la kiwiliwili cha bunduki kwa kiwango kilichotakiwa. Mabamba yalikuwa yanaharibika kwa wingi, mpaka ikabidi warudi kwenye kuchonga kiwiliwili kutoka kwenye kipande kizima cha chuma, njia nzito na ya gharama. Ni mwaka 1959, kwenye toleo la AKM, ndipo kiwanda kilipoufikia mchoro. Mvumbuzi alisubiri mafundi kwa zaidi ya miaka 10.

Sasa baruti. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kisa chake kinaanzia Paris, kinapita Tanga, na kinatufikia sisi wa Dar es Salaam moja kwa moja.

Kwa karne nyingi baruti ilikuwa moja: mkaa, madini ya kiberiti na chumvi ya shura. Inapolipuka inatoa moshi mzito mweupe. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alipata baruti ya aina nyingine, iliyotokana na pamba iliyotiwa asidi. Ilikuwa na nguvu zaidi, na moshi wake ulikuwa hauonekani. Miaka miwili baadaye Wafaransa walikuwa na bunduki ya Lebel, na ghafla bunduki zote nyingine duniani zikazeeka. Mwaka huohuo wa 1884 Hiram Maxim alikuwa London akimalizia bombomu yake, bunduki ya kufyatua mfululizo, inayotumia msukumo wa nyuma wa risasi moja kupakia inayofuata. Bombomu ya namna hiyo ukiipa baruti ya moshi, baada ya muda mfupi mpigaji haoni kitu. Baruti ya Vieille ndiyo iliyoifungulia njia.

Novemba 1914, Waingereza walishusha Tanga wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Wajerumani walikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Sehemu kubwa ya askari hao walikuwa wamebeba bunduki za mwaka 1871, za baruti nyeusi, kwa kuwa mpya zilikuwa zimefikia kampuni chache tu. Kila askari aliyefyatua aliinua bendera ya moshi juu ya kichwa chake: nipo hapa, nipigeni. Hata hivyo walishinda. Walishinda kwa sababu walikuwa wanaijua ardhi, walikuwa na reli ya kuleta watu kutoka Moshi, na walioshushwa walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya bahari na hawajawahi kufanya kazi pamoja. Na nyuki. Risasi zilipasua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakawashukia watu. Waingereza wenyewe waliviita vita vya nyuki. Kwa Kiswahili neno mzinga linabeba vyote viwili, gogo la nyuki na silaha ya kufyatulia mabomu, na Tanga siku ile yote mawili yalifanya kazi.

Waliposhindwa, Waingereza waliacha ufukweni bombomu 16 na risasi 600,000. Bunduki za kisasa walizoziacha zilitosha kuwapa silaha mpya askari wa kampuni kadhaa. Baadhi ya silaha bora za jeshi la Wajerumani kwa miezi iliyofuata zilikuwa za Waingereza.

Nusu iliyobaki ya kazi ya kulipatia silaha jeshi lile ilifanyika hapa mjini kwetu. Meli ya kivita ya Königsberg, iliyokuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, ilijificha kwenye mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliimaliza Julai 1915, wakitumia meli fupi za kina kifupi zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil, huku ndege zikiwaelekeza makombora yanaangukia wapi. Ni mojawapo ya mara za mwanzo ndege kufanya kazi hiyo, na ilifanyika juu ya mikoko yetu. Meli ikazama, lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 ikaopolewa na kuburutwa mpaka Dar es Salaam. Mzinga wa meli hauna magurudumu. Kwenye karakana ya reli, mafundi wakaitengenezea mikokoteni ya kuivuta nchi kavu. Mmoja ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen ziwani Tanganyika, ambayo tunaijua kama Liemba. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utauona mmoja umesimama juani.

Vitabu vinamtaja kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kwa werevu wa kuipigania mizinga ile. Mimi ninawaza ile karakana. Nani alichoma chuma, nani alishika koleo, nani alipima ekseli? Mizinga ile ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu, kwa kuwa ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa ndorobo. Na huko Amani, milimani Usambara, kituo cha utafiti kilikuwa kinatengeneza kwinini kwa magome ya miti. Bila ile kwinini, jeshi lote lingelala chini kwa malaria kabla ya kufyatua risasi ya pili.

Turudi kwa wapagazi, maana hesabu yao ndiyo hesabu ya vita. Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo 25 za unga. Anakula karibu kilo moja kwa siku. Askari yuko mbele mwendo wa siku 10. Kwenda siku 10 na kurudi siku 10, mpagazi amekula kilo 20 za mzigo wake, na kilichomfikia askari ni kilo 5. Ongeza umbali uwe siku 12 na nusu: mzigo wote unaishia kwenye chakula chake, askari hapati kitu. Sasa weka bombomu mwisho wa njia hiyo, inayofyatua risasi 600 kwa dakika. Mkanda wake wa risasi 250 unaisha kwa sekunde 25. Kila mkanda umebebwa na mtu anayekula.

Ndiyo maana vita ile ilimeza watu jinsi ilivyomeza. Upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Risasi iliwafikia wachache. Miaka 10 kabla yake, kwenye Majimaji, ilikuwa vivyo hivyo kwa njia nyingine. Tunakumbuka bombomu za Mahenge, Agosti 1905, zilizowafyeka watu walioambiwa risasi zitageuka maji. Zilitisha. Lakini zilizoua wengi ni moto uliochoma maghala na mashamba. Wajerumani waliamua kuvikalisha vijiji na njaa, na waliokufa, kwa makadirio mengi, ni kati ya 75,000 na 300,000. Aliyejua kwamba mpiganaji anaishi kwa chakula cha nyuma yake, alipiga huko nyuma.

Vita ya Kagera tunaisimulia kwa ngurumo za BM-21, mtambo wa kurushia roketi ambao wengi tunauita Katyusha. Mtambo mmoja una mitutu 40 na unaitoa yote kwa sekunde 20. Kila roketi ina uzito wa kilo 66 hivi. Piga hesabu: zaidi ya tani mbili na nusu zinaondoka kwa sekunde 20, na kila kilo ilishuka bandarini kwetu ikasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000, kwenye barabara za mwaka 1979, kwa malori na mabasi ya raia yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita. Madereva wale na matingo wao ndio ningependa kusikia simulizi zao kabla hawajaisha wote.

Nilisema baruti ya Vieille inatufikia sisi. Pamba iliyotiwa asidi haitulii. Inaoza polepole ndani ya ganda lake, inatoa gesi, gesi inaharakisha kuoza, joto linapanda, na siku moja inajiwasha. Ufaransa ilijifunza hilo kwa msiba. Kwenye bandari ya Toulon meli ya Iéna ililipuka mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zikaua mamia ya watu, na aliyeshukiwa ni baruti ileile iliyokuwa fahari ya taifa. Tangu hapo wakemia wakaongeza viungo vya kuituliza. Lakini kitulizo nacho huisha, na mahali penye joto na unyevu huisha mapema. Kwa hiyo silaha iliyolala ghalani inahitaji mtu wa maabara aipime mwaka hadi mwaka kama daktari anavyompima mgonjwa wa kisukari.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu lililipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka ya Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, watoto wakapotezana na wazazi wao, vyuma vikaangukia paa za watu waliokuwa wanapika chakula. Wakati wa vita ya Kagera hakuna kombora lililoufikia mji huu. Yaliyowaua raia wa Dar es Salaam yalikuwa yamelala ghalani, wakati wa amani. Ndiyo sababu nikisikia ndege mpya au kombora jipya likisifiwa, swali langu la kwanza ni nani atalitunza, kwa vipimo gani, karibu na nyumba za nani.

Nchi yetu ina Shirika la Mzinga Morogoro, linalotengeneza risasi, na ina Nyumbu Kibaha, kituo cha teknolojia ya magari. Wanakofanya kazi mafundi na wakemia ndiko ningepeleka wanafunzi wa historia kwa ziara ya siku moja, kabla ya kuwapeleka penye sanamu yoyote.

Sanamu tunayo, pale Posta, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe. Askari wa shaba ameinama kidogo, singe imetangulia, ameelekea bandarini. Aliwekwa mwaka 1927. Nairobi nao wana sanamu za vita ileile, na kule wamesimamisha watu watatu: askari, Mwarabu mwenye bunduki, na mpagazi. Kwetu askari yuko peke yake. Kati ya Posta na Kariakoo ni mwendo wa dakika 20 kwa mguu, na katika mwendo wote huo sijaona hata kibao kimoja kinachoeleza kwamba mpagazi alilala hapa.